Geuza Ganda la Rangi, Usome Mgongo Wake

Rangi ya bafuni ikianza kubanduka, wengi hutazama ukuta. Mimi huinama kuokota kilichoanguka. Ganda la rangi lina uso, ambao mwenye nyumba anaujua kwa sababu aliuchagua mwenyewe dukani, na lina mgongo, ambao hakuna aliyewahi kuutazama. Kabla hujampigia fundi simu, na kabla hujanunua ndoo nyingine, bandua ganda lenye ukubwa wa kiganja, ligeuze, ulipeleke dirishani penye mwanga.

Mgongo ukiwa na unga mweupe unaochafua vidole, rangi yenyewe ilishika barabara. Kilichoachia ni kile ilichoshikilia: chokaa ya zamani, vumbi la msasa ambalo hakuna aliyelifuta, au skimu ya jipsamu iliyolowa. Ukikuta chembe za mchanga, lipu imechoka na hakuna rangi duniani itakayokaa juu yake. Mgongo ukiwa laini na mkavu, na ukutani pamebaki rangi ya zamani nzima inayong'aa, basi rangi mpya ilipitishwa juu ya rangi ya mafuta bila kupigwa msasa. Ukiona vinywele vyeupe vinavyometameta, hiyo ni chumvi, na chumvi haisafiri bila maji. Mgongo uliolowa hauhitaji mtaalamu: maji bado yanakuja, na kazi ya rangi haijaanza.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu karibu kila mwenye nyumba huanza kwa kulaumu rangi. Feki, imechakachuliwa, dukani wameibadilisha. Rangi mbovu zipo, sikatai. Lakini rangi mbovu huchujuka, hufifia, hutoka na kitambaa ukiifuta. Rangi inayoanguka ukutani ikiwa kipande kizima, imeshikana yenyewe kwa yenyewe, ni rangi yenye afya iliyonyimwa mahali pa kushika.

Chukua mfano wa nyumba za kupangisha za zamani. Nyingi zilipakwa rangi ya mafuta nusu ya chini ya ukuta, kijani au kahawia, ili zifutike kwa kitambaa kilicholowa. Anakuja mpangaji mpya, mwenye nyumba anataka weupe kuanzia chini hadi juu, na fundi anapitisha rangi ya maji juu ya ile ya mafuta siku hiyo hiyo. Siku ya kukabidhi funguo panapendeza. Mvuke wa bafuni ukishaanza kuingia pembeni, weupe wote wa chini unavuliwa kwa mkono mmoja kuanzia kwenye swichi hadi sakafuni, huku ule wa juu ukibaki salama kabisa. Mpaka kati ya palipobanduka na palipobaki unakuwa umenyooka kama uliopigwa rula, na huo pekee ni ushahidi wa kutosha.

Kama hujui ukuta wako una rangi gani, lowesha pamba kwa spiriti usugue pahali padogo. Rangi ya maji italainika na kuchafua pamba. Ya mafuta haitajali. Ikiwa ni ya mafuta, na ni ya miaka mingi, usiipige msasa mkavu. Rangi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru akili za watoto. Kiwango cha juu kinachopendekezwa leo na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ni sehemu 90 za risasi kwa milioni moja. Makopo ya zamani yaliweza kuwa na maelfu. Tumia msasa wa maji, lowesha ukuta unaposugua, futa tope kwa matambara kisha uyatupe, na watoto wasiwepo ndani.

Tuje kwenye jipsamu, maana hapo ndipo mabafu mengi ya siku hizi yanapoharibikia.

Kuta za bloku zikishapigwa lipu hubaki na ukwaru. Ili zipendeze, mafundi hupiga skimu: tabaka jembamba la poda nyeupe iliyokorogwa na maji, linalosuguliwa kwa msasa hadi ukuta uwe laini kama karatasi. Poda inayopatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu ni ya jipsamu. Sebuleni haina ubaya wowote. Tatizo ni kwamba jipsamu huyeyuka kwenye maji. Huyeyuka kidogo sana, kiasi cha gramu mbili hivi kwa lita, lakini bafuni maji hayaji mara moja. Yanakuja asubuhi na jioni, mwaka mzima. Skimu hulainika, hukauka, hulainika tena, na kila mzunguko unapunguza nguvu yake, mpaka siku rangi inapovimba malengelenge na kushuka pamoja na unga wake. Ndiyo maana ukigeuza ganda la bafu la aina hiyo unakuta mgongo mweupe, mnene, unaokatika kama chaki.

Mafundi wengine wanalijua hilo na hujaribu kuipa jipsamu nguvu kwa kuichanganya na saruji nyeupe. Siku ya kwanza mchanganyiko huo ni mgumu kweli. Ila salfeti iliyo ndani ya jipsamu ikikutana na alumini iliyo ndani ya saruji, na maji yakawepo, huzaliwa fuwele iitwayo etringaiti, ambayo hudai nafasi kubwa kuliko vitu vilivyoizaa. Kwenye ukuta mkavu vita hiyo inaweza isionekane kamwe. Bafuni tabaka huvimba kutoka ndani na kujibandua lenyewe. Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja: jipsamu isiingie bafuni, iwe tupu au iliyochanganywa. Madukani kuna poda za skimu za saruji zilizotengenezwa kwa kuta za nje na za mahali penye maji. Ni ghali zaidi na zinachosha mkono kuzipiga msasa. Vinginevyo piga niru, kama walivyofanya wazee, ukubali ukuta usio laini kama kioo.

Saruji nayo ina tabia yake. Lipu mbichi ni kali. Ndiyo maana inachubua mikono ya vibarua. Kwenye kipimo cha pH inafika 12 hadi 13. Ukiipaka rangi ya mafuta ikiwa bado mbichi, ukali ule huingia kwenye mafuta na kuanza kutengeneza sabuni. Natumia neno sabuni kwa maana yake halisi: ni kemia ile ile ya vikundi vya akina mama wanaochanganya mafuta ya mawese na kostiki soda kutengeneza sabuni ya mche. Rangi inabaki inanata, haikauki, kisha inateleza na kuachia. Rangi ya maji huvumilia zaidi, lakini nayo hubadilika rangi kwa mabaka na kuchujuka ikiwekwa mapema.

Lipu mpya imwagiliwe maji kwa siku saba ili saruji ikomae, kisha iachwe ikauke hadi zitimie wiki nne angalau. Wakati wa masika ongeza. Sijawahi kuona ratiba ya ujenzi wa nyumba ya mtu binafsi iliyoacha wiki hizo nne bila kugombaniwa.

Sasa maji. Kuna yanayotoka chumbani na kuna yanayotoka ukutani, na tiba zake hazifanani. Kata kipande cha nailoni angavu, sentimita 45 kwa 45, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasiachwe upenyo, na uache tangu jioni hadi jioni ya pili bila mtu kuoga humo. Matone yakijitokeza upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakitokea upande wa chumbani, hewa ndiyo yenye maji.

Mahali unapoishi panabashiri jibu. Nairobi mwezi wa Julai, au Njombe, au Arusha kwenye baridi, ukuta umepoa usiku kucha. Mtu anafungua shawa ya moto, na mvuke unageuka matone mara tu unapougusa. Huko mkosaji mkubwa ni mvuke, na dawa yake ni hewa: dirisha linalofunguka kweli, au feni ya kutoa hewa. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka feni ya bafu itoe lita 15 kwa sekunde. Bafu letu la kawaida, mita 2 kwa 1.5 na kimo cha mita 2.7, lina lita 8,100 za hewa, kwa hiyo feni ya namna hiyo huibadilisha yote kwa dakika tisa. Iache iendelee baada ya kuoga. Mvuke hauondoki pamoja na wewe.

Dar es Salaam, Tanga na Mombasa mambo ni tofauti. Kuta zina joto, wengi huoga maji ya baridi, na mvuke si hodari sana. Huku maji huja kwa nyuma. Bomba lililochimbiwa ukutani linavuja kwenye kiungo. Mistari ya vigae imepasuka na maji ya shawa yanapenya hadi upande wa pili, ndiyo maana mara nyingi rangi inayobanduka iko chumbani, nyuma ya bafu, na mtu anahangaika na chumba wakati ugonjwa uko kwa jirani. Kuna pia maji ya ardhini yanayopanda: ukiona rangi imeoza kuanzia sakafuni hadi kiunoni na juu yake pazima, waulize waliojenga kama ile nailoni nyeusi ya juu ya msingi iliwekwa. Jibu huwa kimya.

Kwa bomba kuna kipimo kisicho na gharama. Usiku funga koki zote, soma mita, lala, soma tena asubuhi kabla ya mtu kuamka. Mwenye tanki la juu aweke alama ya penseli kwenye kimo cha maji. Namba ikisogea wakati nyumba nzima imelala, anza na fundi bomba. Wa rangi asubiri.

Halafu kuna chumvi ya pwani. Mchanga wa baharini ni wa bei rahisi na uko karibu, na lipu iliyopigwa kwa mchanga huo, au kwa maji ya kisima chenye chumvi, hubeba chumvi yake milele. Chumvi hunyonya unyevu kutoka hewani hata kama hakuna kinachovuja. Hewa ikikauka, nayo hujenga fuwele. Fuwele zikijengeka nyuma ya rangi husukuma kwa nguvu inayotosha kuinua rangi na kung'oa lipu. Usiioshe kwa maji, maana unairudisha ndani. Ikwangue ikiwa kavu kwa brashi ngumu, kinga unga wake kwa gazeti chini, subiri siku kadhaa, kwangua tena. Ikiendelea kutoka bila kukoma, bomoa lipu ya sehemu hiyo hadi kwenye bloku na uipige upya kwa mchanga wa mto uliochekechwa, sehemu nne za mchanga kwa moja ya saruji. Kuifunika kwa rangi ya kuzuia maji ni kuiahirisha tu.

Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zina sheria zake. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ni nene, na zimezoea kunywa maji na kuyatoa zenyewe. Hamamni, bafu la watu wote alilolijenga Sultani Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, lilifanya kazi kwa mvuke na maji moto kwa miongo mingi juu ya chokaa. Siku hizi mtu hununua nyumba ya namna hiyo, anapiga lipu ya saruji juu ya chokaa, anamalizia kwa rangi ya plastiki, kisha anashangaa bafu linavyovimba. Maji yaliyokuwa yakitoka taratibu kupitia chokaa yamefungiwa mlango. Ukuta wa chokaa urudishiwe chokaa, tabaka jembamba juu ya jembamba, na uipake tena kila inapochakaa. Hakuna njia ya mkato ninayoweza kuipendekeza kwa moyo mweupe.

Tukirudi kwenye bafu la bloku: tuseme maji yamezuiwa na ukuta umekauka. Kukauka kwenyewe kuna hesabu. Mafundi wa sakafu Uingereza hukadiria siku moja kwa kila milimita ya saruji hadi milimita 50, hali ya hewa ikiwa nzuri, na zaidi ya hapo mwendo unapungua sana. Bloku ya inchi sita iliyolowa hadi moyoni ni suala la miezi. Rudia kipimo cha nailoni badala ya kukisia.

Kisha skrepa. Kwangua kila kinachokubali kutoka, na usisimame pale doa linapoishia; endelea hadi skrepa ikatae. Pembeni mwa palipokwanguliwa, chora alama ya X kwa wembe hadi chini ya rangi, bandika selotepu juu yake, isugue kwa kidole, ivute kwa mkupuo mmoja. Wamarekani wameiweka mbinu hii kwenye viwango vyao kwa namba ASTM D3359. Selotepu ikirudi na rangi, hapo napo pakwanguliwe. Wengi hukasirika kwenye hatua hii kwa sababu kidoa cha ukubwa wa sahani hugeuka kuwa ukuta mzima. Afadhali hasira ya leo.

Kuvu jeusi lioshwe kabla ya msasa, kwa jiki kikombe kimoja kwenye lita nne za maji, likae dakika kumi hivi, kisha suuza. Dirisha liwe wazi. Na usithubutu kuichanganya jiki na ile dawa kali ya kusafishia choo yenye asidi: hutoa gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo. Ukuta mzima uoshwe pia kwa maji ya sabuni ya unga na usuuzwe vizuri, kwa sababu povu la kuogea na mafuta ya mwilini huacha utando usioonekana. Wanaotumia maji ya kisima yenye magadi wana utando mnene zaidi.

Msasa namba 80 kwenye kingo hadi kidole kisisikie ngazi kati ya rangi ya zamani na ukuta mtupu, kisha namba 120 kwa ujumla. Futa vumbi kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, mara mbili. Kazi nyingi nzuri huuawa hapa: fundi anapuliza kwa mdomo, anachukua rola.

Praima iwe ya kuta za saruji, yenye kustahimili ukali wake. Rangi ya mwisho iwe ya silki au ile inayong'aa kiasi, inayooshika. Rangi isiyong'aa kabisa hunywa maji. Usiongeze maji kupita maelekezo ya kopo. Lita moja ikitandazwa kwenye mita 10 za mraba hutoa tabaka la sehemu moja ya kumi ya milimita likiwa bichi, na likikauka hubaki chini ya nusu ya hapo. Sasa piga hesabu ya fundi aliyeifanya lita hiyo kuwa moja na nusu. Pwani, wakati wa mvua, usianze alfajiri. Wapaka rangi wa viwandani hawapaki unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, na asubuhi za masika huzidi hapo kwa urahisi. Saa nne hadi alasiri ni wakati mzuri.

Ndani ya shawa kwenyewe, pale maji yanapopiga ukuta moja kwa moja, mimi sipendekezi rangi ya aina yoyote. Weka vigae hadi juu ya kichwa cha mwogaji mrefu, mistari ijazwe vizuri, pembe zitiwe silikoni.

Lililobaki ni malipo. Fundi wa rangi kwetu hulipwa kwa chumba. Wiki nne za kusubiri lipu ikauke ni wiki nne zisizomlisha, na mteja naye anataka kazi iishe kabla ya Idi, Krismasi au harusi. Wote wawili wanavutwa kwenye haraka, halafu lawama inamwangukia mmoja. Ivunje kazi vipande vitatu: kukwangua na kuziba, alipwe, aondoke; praima, alipwe; rangi mbili za mwisho, amaliziwe. Katikati ya kipande na kipande aende kwingine akajitafutie. Na kukwangua kulipiwe kama kazi kamili, kwa sababu ndiyo iliyo ngumu kuliko zote.

Baada ya tabaka la mwisho, bafu lipumzishwe siku mbili ikiwezekana. Waogaji wakaombe hifadhi kwa jirani. Rangi ya maji huonekana kavu kwa saa chache, ila hukomaa kwa wiki kadhaa. Ukiiwahi kwa mvuke, utaona michirizi ya kahawia inayonata ikishuka ukutani. Watu hushtuka wakidhani kazi imeharibika. Ni sabuni zilizomo kwenye rangi yenyewe, zilizotolewa na unyevu kabla hazijatulia. Zifute kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini, usisugue, na zikirudi zifute tena. Baada ya mara mbili tatu huisha.